Moto Uliuongezea Nini Mkaa?

Ilikuwa wiki ya nne ya TP, kidato cha tatu, kipindi cha mwisho kabla ya uji. Ubaoni nilikuwa nimechora almasi upande wa kushoto na kinywe upande wa kulia, vinukta na mistari vimekaa vizuri mpaka mwenyewe nikajisifu moyoni. Chini yake nikaandika neno "mkaa", peke yake, bila mchoro. Kitabu nilichopewa nacho hakikuwa na mchoro wa mkaa. Kilisema tu kwamba ni kaboni isiyo na umbo maalumu, basi, twende mada inayofuata.

Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. Mbele yake alikuwa amepanga betri mbili zilizofungwa pamoja kwa mpira wa baiskeli, nyaya mbili, kitaa chekundu cha LED alichokinyofoa kwenye redio mbovu, na vipande viwili vya mkaa kwenye karatasi ya maandazi. Kipindi kilikuwa cha Kiingereza kama utaratibu unavyotaka, lakini swali likaja kwa Kiswahili.

"Mwalimu, mkaa huu ni mpya, umetoka kwenye gunia. Haupitishi umeme. Huu mwingine ni wa gunia hilohilo, ila jana uliwaka jikoni, mama akauzima kabla haujaisha. Huu unawasha taa. Sasa moto uliuongezea nini?"

Akaunganisha nyaya na kweli, kitaa kikawaka. Darasa likapiga kelele. Mimi nikasema maneno ambayo kila mtu wa ualimu anayajua: "Swali zuri sana, tutaliangalia kipindi kijacho."

Kipindi kijacho nilienda na maswali ya mtihani wa taifa. Msimamizi wangu alikuja wiki ya sita, akakaa nyuma karibu kabisa na yule binti, akanipa alama nzuri tu. Kwenye fomu yake hakuna kipengele kinachouliza kama kuna swali la mwanafunzi ulilolikimbia. TP ikaisha, nikarudi Dodoma mjini na begi langu, na swali nikalibeba.

Haya ninayaandika getoni kwangu, Ipagala. Nimetumia karibu muhula mzima na bando nyingi kulifuatilia, na nilichogundua kimenifedhehesha zaidi. Swali la yule binti halikuwa la pembeni hata kidogo. Ndilo swali linalowalipa mshahara watu wanaotengeneza elektrodi za kuhifadhi umeme: ukiwa na kaboni mkononi, uifanye nini ili ibebe umeme mwingi zaidi?

Kwanza nimjibu yeye.

Moto haukuuongezea mkaa kitu. Uliupunguzia. Mkaa wetu wa miombo huchomwa kwenye tanuru la udongo, ambamo joto kwa kawaida ni nyuzi 400 hadi 500 hivi. Hapo mti umeshapoteza maji na moshi wake mwingi, lakini bado una haidrojeni na oksijeni zilizong'ang'ania kwenye kaboni. Atomi za kaboni zimeshaanza kushikana kwa pete za sita sita, kama sega la nyuki, ila pete zenyewe zimekaa kama visiwa vidogovidogo, na kati ya kisiwa na kisiwa elektroni haina daraja. Ukiuweka mkaa huo jikoni ukaupepea vizuri, joto linapita 700. Haidrojeni na oksijeni zinaondoka, visiwa vinakua hadi vinagusana, elektroni inapata njia. Ukiuzima kabla haujawa majivu unabaki na kipande ambacho kwa macho ni kilekile cha gunia, lakini ndani si kilekile. Hata sauti inabadilika. Kidondoshe sakafuni, kinalia kama kigae.

Sentensi saba au nane hivi. Ningeweza kuzisema kabla kengele ya uji haijalia, kama ningekuwa ninazijua.

Sasa mtu anaweza kuuliza: tukiendelea kuuchoma hadi nyuzi 3,000 bila hewa, si mwisho utageuka kinywe kamili? Aliyelijibu hilo ni Rosalind Franklin, yuleyule ambaye picha yake ya eksirei ilisaidia dunia kufahamu umbo la DNA. Kabla ya DNA alikuwa mtu wa makaa. Mwaka 1951 alichapisha kazi iliyoonyesha kwamba kaboni ziko za makundi mawili. Zipo zinazokubali: ukizipasha moto mkali tabaka zake zinajipanga moja juu ya nyingine na kuwa kinywe. Na zipo zinazokataa hata kwa nyuzi 3,000, kwa sababu tabaka zake zilishafungamana vibaya tangu mwanzo, moja imekaa hivi, nyingine imekaa vile, na haziachiani. Mkaa wa mti uko kwenye kundi la wakaidi. Lakini kukaa hovyo huko ndiko kunakoacha nafasi ndani yake, na nafasi ndizo tunazozitaka.

Umeme unahifadhiwa kwenye kaboni kwa njia mbili kubwa. Nianze na ile rahisi, kwa sababu ndiyo niliyoijaribu mwenyewe.

Chukua vipande viwili vya kaboni inayopitisha umeme, vizamishe kwenye maji ya chumvi visigusane, kisha viunganishe na betri. Kipande kimoja kinajaa elektroni. Ioni za sodiamu zilizomo kwenye maji, ambazo ni chanya, zinakimbilia pale na kusimama usoni pa kaboni, karibu mno, umbali usiofika hata nanomita moja. Upande wa pili ioni za kloridi zinafanya vivyo hivyo. Ondoa betri: zinabaki zimesimama. Unganisha taa: elektroni zinarudi kwao, ioni zinatawanyika, taa inawaka. Hapo hakuna kilichoungua wala kuliwa. Ndiyo maana kifaa hiki, superkapasita, kinachajiwa kwa sekunde chache na kinaweza kurudia kazi hiyo mara laki kadhaa, wakati betri ya simu yako inachoka baada ya mara mia kadhaa hadi elfu chache. Shida yake ni tumbo dogo. Kilo moja ya superkapasita inabeba kama wati-saa 5 hadi 10. Kilo ya betri ya lithiamu inabeba 150 hadi 250. Kule Shanghai, tangu 2006, kuna mabasi yaliyotembea kwa superkapasita, lakini yalilazimika kuchajiwa vituoni njiani, abiria wakipanda na kushuka.

Jambo moja lilinifariji. Hataza ya kwanza ya kifaa cha aina hii ilitolewa Marekani mwaka 1957 kwa Howard Becker wa General Electric. Ndani ya hataza hiyohiyo aliandika wazi kwamba haijulikani hasa kinachotokea ndani ya kaboni hiyo, ila uwezo wake wa kuhifadhi ni mkubwa mno. Mtu ameandika "sijui" kwenye karatasi ya kisheria. Mimi nilishindwa kulitamka mbele ya watoto arobaini na watano.

Kwa hiyo kila kitu kinategemea uso. Uso mkubwa, ioni nyingi. Hapa ndipo kemia inapoingia, maana uso wa kipande cha mkaa wa kawaida si mkubwa kiasi hicho. Ukikivunja na kukitazama kwa makini utaona vijitundu vya mirija iliyokuwa ikipandisha maji mtini. Hivyo ni vikubwa mno kwa ioni. Mkaa uliofanyiwa kazi ya kemikali, mkaa amilishi, huwa na vitundu vya nanomita moja au mbili ndani ya kuta za mirija hiyo, na gramu moja tu inaweza kuwa na uso wa mita za mraba 2,000. Gramu nne tu zikitandazwa zinazidi uwanja wa mpira wa Jamhuri.

Fikiria nyumba za kupanga za huku Ipagala. Mirija ya mti ni korido. Bila korido hakuna anayefika chumbani, lakini korido peke yake haina kodi. Vitundu vidogo ndivyo vyumba. Ioni ndiyo mpangaji, na hatembei peke yake, anakuja na kundi la molekuli za maji zimemzunguka kama mizigo. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba chumba kikiwa kidogo kuliko mpangaji na mizigo yake ni hasara, hakitakaliwa. Mwaka 2006 kundi la watafiti, wakiwemo John Chmiola, Yury Gogotsi na Patrice Simon, likaonyesha kinyume chake: vitundu vikishuka chini ya nanomita moja, uwezo unapanda ghafla. Ioni inaacha mizigo nje, inaingia yenyewe, na inasimama karibu zaidi na ukuta. Wanaopanga vyumba vya futi nane kwa nane na kitanda cha futi tano hawatashangaa.

Vyumba hivyo vinachimbwaje? Viwandani na maabara wanapenda hidroksidi ya potasiamu. Mkaa unalowekwa humo, unakaushwa, unachomwa bila hewa kwenye nyuzi 700 hadi 900. Potashi hiyo inaila kaboni na kuacha matundu. Halafu, jambo lililonifurahisha zaidi, potasiamu yenyewe inageuka mvuke na kujipenyeza kati ya tabaka za kaboni, ikizisukuma zitengane kama mtu anayepita katikati ya foleni. Baadaye unaosha kwa asidi hafifu na maji mengi, potasiamu inatoka, nafasi inabaki. Sehemu kubwa ya mkaa inapotea. Unachouza ni kilichobaki kuzunguka mashimo.

Hidroksidi ya potasiamu inachoma ngozi na inaweza kukupofusha, kwa hiyo usinisingizie kwamba nimekutuma. Lakini nilipokuwa nasoma habari za potasiamu nikamkumbuka bibi yangu. Alikuwa akichuja majivu kwa kitambaa, maji yake anayatia kwenye mlenda uive haraka. Chumvi iliyomo kwenye majivu ya kuni, kwa sehemu kubwa, ni kaboneti ya potasiamu. Nayo kwenye nyuzi 700 na zaidi inaila kaboni, taratibu kuliko mwenzake, lakini inaila.

Basi nikajaribu. Nilikusanya majivu ndoo nzima kwa mama anayechoma chapati hapa mtaani, nikayachuja, nikayachemsha hadi ikabaki chumvi ya rangi ya mchanga. Mkaa niliununua kopo moja. Kuutwanga nilitumia kinu cha jirani, kosa ambalo sitalirudia. Unga wa muhogo ulitoka wa kijivu wiki nzima, na salamu nazo zilikatika kwa muda huohuo. Nikachanganya nusu kwa nusu, nikakausha juani, nikatia kwenye kopo la maziwa, nikaziba kwa udongo na kuacha tundu la msumari, nikaliweka ndani ya moto wa mkaa nje nyuma ya nyumba. Nje, nasisitiza, kwa sababu hewa inayotoka hapo ina monoksidi ya kaboni, ileile inayoua watu wanaolala na jiko ndani. Kopo likaungua likatoboka, hewa ikaingia, nikapata majivu juu ya majivu.

Mara ya pili fundi wa kuchomelea alinikatia kipande cha bomba la chuma, akaziba upande mmoja na kunitengenezea kifuniko chenye tundu. Saa moja na nusu ya kupepea hadi bomba likawa jekundu kama nyanya iliyoiva. Nikaliacha lipoe usiku kucha. Asubuhi nikaosha unga kwa maji ya limao, kisha kwa maji ya kawaida, mara nyingi, mpaka maji yakaacha kuteleza vidoleni.

Elektrodi zenyewe zilikuwa unga uliolowa maji ya chumvi, umeshindiliwa kwenye vifuniko vya chupa, kitambaa katikati. Mwanzoni nilitumia karatasi ya alumini kugusisha umeme, chumvi ikaitoboa siku ileile. Nikahamia kwenye vile vijiti vyeusi vya katikati ya betri za zamani, ambavyo navyo ni kaboni. Sisi tuliokuwa tukivichorea ukutani utotoni hatukujua tumeshika elektrodi. Maji huanza kuvunjika kuwa haidrojeni na oksijeni karibu na volti 1.23, kwa hiyo kila kimoja hakitakiwi kuzidi volti moja hivi, na LED nyekundu inataka karibu mbili. Nikaunganisha viwili mfululizo, nikachaji kwa betri mbili huku nikitazama mita, ikifika volti mbili naachia.

Unga wa mkaa wa gunia: hakuna kitu. Unga wa mkaa uliozimwa jikoni: taa ilipepesa, hata sekunde mbili hazikufika. Unga uliopita kwenye majivu: sekunde 38, mwishoni nikiwa nimeikinga taa kwa kiganja ili nione kama bado ipo.

Nilikuwa nimeshaanza kupiga simu nyumbani. Mwenzangu wa chumba, anayesoma takwimu, akaniharibia furaha bila hata kuinua kichwa kitandani: "Umejuaje ni majivu, na siyo tu kwamba bomba lilipata moto kuliko jiko?" Alikuwa sahihi, na inauma. Nikarudi nyuma ya nyumba na mkaa uleule, bomba lilelile, muda uleule, bila majivu. Sekunde tisa. Kwa hiyo moto ulinipa tisa, na majivu yakanipa nyingine ishirini na tisa. Ni jaribio moja kwa kila aina, sitaki kulipamba. Lakini nilikuwa nimelishika jibu kwa mkono.

Kuchimba vyumba si mwisho wa mambo. Kuta nazo zinaweza kupakwa rangi, kwa maana ya kubadilisha kilichoshikamana nazo. Kaboni tupu haipendi sana maji. Oksijeni kidogo kwenye kingo za pete inaifanya ilowe, ioni zinafika ndani, na baadhi ya vikundi vya oksijeni vinapokea na kurudisha elektroni vyenyewe, kwa hiyo vinaongeza kidogo juu ya kile kinachosimama usoni. Ikizidi, inadhuru: umeme unapita kwa shida na chaji inavuja. Kumbuka ni oksijeni ileile tuliyoifukuza kwa moto ili mkaa upitishe umeme. Unaifukuza yote ikiwa imekaa hovyo, kisha unairudisha kiasi, mahali unapopataka.

Naitrojeni ndiyo inayopendwa zaidi siku hizi. Iko jirani na kaboni kwenye jedwali la elementi, ina elektroni moja zaidi, na inaweza kukaa ndani ya pete mahali pa atomi ya kaboni. Ikikaa katikati ya tabaka inasaidia umeme kupita. Ikikaa ukingoni inashiriki katika kupokea na kutoa. Maabara nyingi huipata kutoka kwa urea, ndiyo, mbolea ileile ya kukuzia mahindi, inayochomwa pamoja na kaboni. Hili sikulijaribu na sitalijaribu getoni, maana urea ikichomwa inatoa gesi za sumu.

Malighafi je? Karibu chochote kilichowahi kuwa mmea. Arusha, watafiti wa Taasisi ya Nelson Mandela wametengeneza kaboni ya superkapasita kutoka kwenye tope linalobaki katika mtambo wa biogesi. Kanada, mwaka 2015, kundi moja lilichapisha kifaa cha sodiamu ambacho elektrodi zake zote mbili zilitokana na maganda ya karanga. Niliposoma hilo nilicheka peke yangu. Kongwa si mbali na hapa, na Waingereza walikuja pale mwaka 1947 na matrekta ili kulima karanga kwa ajili ya mafuta, mradi ukafa kufikia 1951. Maganda hakuna aliyeyahesabu.

Njia ya pili ya kuhifadhi ni ile ya simu yako: ioni haisimami usoni, inaingia ndani. Kinywe ni tabaka juu ya tabaka, nafasi kati yake nanomita 0.335, na lithiamu inaingia humo, atomi moja kwa kila kaboni sita, kisha inatoka ukiitumia simu. Aliyeonyesha kwamba inaweza kuingia na kutoka hivyo ndani ya seli ya umeme, mwanzoni mwa miaka ya 1980 akiwa Grenoble, ni Rachid Yazami, mzaliwa wa Fes, Moroko. Mwaka 2014 alipewa Tuzo ya Draper pamoja na John Goodenough, Yoshio Nishi na Akira Yoshino. Nobeli ya 2019 ilienda kwa Goodenough, Stanley Whittingham na Yoshino. Nimesoma kemia kwa miaka mingi katika bara la Yazami, na jina lake nimekutana nalo kwa sababu ya swali la mtoto wa kidato cha tatu.

Kinywe tunacho. Mahenge, wilayani Ulanga, mkoani Morogoro, kuna mashapo makubwa, na Lindi pia. Kampuni ya Faru Graphite ya Mahenge ina hisa 16 za serikali katika kila 100, kufuatana na sheria zetu za madini. Wanafunzi wanaokariri kwamba kinywe ni kitu cha penseli na kulainishia mashine wanakariri kweli ya zamani. Lakini kinywe kilichotoka ardhini hakiingii kwenye betri hivyohivyo. Lazima kisafishwe hadi kiwango cha asilimia 99.95, ama kwa asidi ya haidrofloriki ambayo ni hatari mno, ama kwa kukipika na soda kali na kuosha kwa asidi, ama kwa joto la nyuzi zaidi ya 2,500. Vipande bapa vinaviringwa kuwa vijipira vya kama maikromita 10 hadi 20, na sehemu kubwa inapotea kama vumbi.

Kisha kuna hatua ambayo kila nikiifikiria naiona taa nyekundu ya yule binti. Vijipira vinapakwa lami na kuchomwa ili vivae koti jembamba la kaboni isiyo na mpangilio. Baada ya kazi yote ya kupata kinywe safi chenye tabaka zilizonyooka, kinavalishwa binamu wa mkaa. Kwa sababu kingo za kinywe, pale lithiamu inapoingilia, ndipo pia kimiminika cha betri kinapovunjika. Siku ya kwanza betri inapochajiwa, ngozi nyembamba inajijenga juu ya kinywe kutokana na kuvunjika huko, na ngozi hiyo inakula sehemu ya lithiamu ambayo haitarudi tena. Koti linafanya ngozi iwe nyembamba na tulivu, lithiamu kidogo ipotee. Kazi hii ya kusafisha, kuviringa na kupaka inafanyika kwa zaidi ya asilimia 90 nchini China, ambayo tangu Desemba 2023 inataka kibali kwa kusafirisha bidhaa kadhaa za kinywe. Bei kubwa iko kwenye hatua hizo, baada ya shimo la mgodi. Mimi sijui kuendesha kiwanda, lakini najua mtu atakayeviendesha vya kwetu kama vitajengwa yuko darasani sasa hivi, na huenda mwalimu wake anamwambia tutaliangalia kipindi kijacho.

Boom lilipoingia nilipanda basi nikarudi shuleni kwa siku moja, vifuniko vyangu vya chupa kwenye boksi la viatu. Mwalimu wa kemia alinipa dakika ishirini za mwisho za kipindi chake. Yule binti sasa yuko kidato cha nne na amehamia dawati la mbele. Nilianza kwa kuwaambia kwamba mwaka jana niliulizwa swali nikawa sijui jibu. Nikaeleza visiwa na madaraja, nikachaji, nikaizima taa ya darasa isiyokuwepo kwa kuwaambia wafunge madirisha. Walihesabu kwa sauti. Ilifika thelathini na moja, boksi lilitikiswa sana njiani.

Hakupiga makofi pamoja na wenzake. Alichukua kifuniko kimoja, akakinusa, akauliza kama majivu ya mabua ya mtama yangefaa kuliko ya kuni. Nikasema sijui. Akauliza: "Na magadi ya dukani je? Yale ni sodiamu, siyo potasiamu. Sodiamu nayo itajipenyeza?"

Nikasema sijui, na safari hii nikaiandika ubaoni pamoja na tarehe ya kurudi. Magadi nimeshanunua, ya mia tano, yako kwenye mfuko wa rambo juu ya kabati. Ninachosubiri ni kinu. Jirani hajaafiki.